Hewa Kwanza, Mafuta Baadaye: Injini za Silinda Sita za Meru na Embu

Wenye malori ya zamani huko Meru na Embu wana swali linalowarudia kila injini inapoanza kula oili. Je, injini ya silinda sita iliyochoka ifunguliwe na kujengwa upya, au ing'olewe na mahali pake pawekwe nyingine iliyotumika kutoka Japani? Wakiamua kuijenga, linafuata swali la pili: iachwe na nguvu zake za kiwandani, au iongezewe? Msimamo wangu ni kwamba injini hizi zinafaa kujengwa upya mara nyingi zaidi kuliko tunavyofanya, na kwamba zinaposhindwa kuvuta mlima, kinachopungua ni hewa na usahihi wa vipimo, si mafuta. Kwa bahati mbaya, dawa inayotolewa kwanza katika gereji nyingi ni mafuta.

Injini ninazozungumzia ni za aina tatu. Kuna za Bedford, hasa malori ya TJ yaliyotoka kiwandani kuanzia 1958, yenye injini za petroli za inchi za ujazo 214 na 300, na za dizeli za 300 na 330, yaani lita 4.9 na 5.4. Kuna za Isuzu, 6BD1 ya lita 5.8 na 6BG1 ya lita 6.5, ambazo zilichukua nafasi ya Bedford baada ya kiwanda cha General Motors Kenya, kile kinachoitwa leo Isuzu East Africa, kuanza kuunganisha magari Nairobi mwaka 1977. Na kuna za Toyota Land Cruiser: 2F ya petroli, H na 2H za dizeli, kisha 1HZ ya lita 4.2 iliyokuja 1990. Kazi ya magari haya inajulikana. Yanabeba mchanga kutoka Tharaka, viazi kutoka Kibirichia, magogo, maji, majani ya chai, na abiria wa njia zisizo na lami kule Igembe na chini Mbeere.

Wachache wanajua kwamba Bedford na Land Cruiser ya petroli zina babu mmoja. Mwaka 1929 Chevrolet walitoa injini ya silinda sita yenye valvu juu ya hedi, ya bei ambayo mkulima wa Marekani angeimudu. General Motors walikuwa wameinunua Vauxhall ya Uingereza mwaka 1925, na malori ya Bedford yalipoanza kutengenezwa 1931 injini yake ilifuata mchoro huo. Upande wa pili wa dunia, Toyota walipotengeneza injini yao ya kwanza mwaka 1935, aina ya A, waliichora kwa kuifuata Chevrolet, na ukoo wa F na 2F umebaki na sura hiyohiyo. Spea haziingiliani, lakini fundi aliyezoea Bedford akifungua 2F hapotei: kamshafti iko ubavuni mwa bloku, fito zinasukuma roka, na kila kitu kinafikiwa kwa mkono.

Sababu ya mpangilio wa silinda sita kudumu ni mizani. Pistoni sita zikipangwa mstari mmoja na kranki ikagawanywa kwa nyuzi 120, mtetemo wa pistoni moja unafutwa na wa nyingine, na mlipuko mmoja unakuja kila theluthi ya mzunguko. Injini inanguruma bila kujitikisa, inavuta tangu chini, na haihitaji resi kubwa. Ila urefu huo una gharama yake. Kranki ndefu hujipinda na kujikunjua kila mlipuko unapotokea, na kitu pekee kinachozuia mpindo huo usiivunje ni dampa, ile puli nzito ya mbele yenye raba katikati. Nimeona dampa ambazo raba yake imekauka na kuchanika zikirudishwa kwenye injini iliyojengwa upya kwa pesa nyingi, eti kwa sababu puli bado inazungusha belti. Hiyo ni dhuluma kwa kranki. Atakayeongeza nguvu bila kubadilisha dampa iliyokufa anaharakisha siku ya kuvunjika.

Sasa tuje kwenye hewa, kwa sababu hapa ndipo Meru na Embu zinapotofautiana na mahali vitabu vya injini hizi vilipoandikwa. Mji wa Embu uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, Meru karibu 1,500, na ukipanda kuelekea Timau unakaribia 2,400. Kwenye mita 1,500 shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Timau limepungua kwa robo nzima. Injini isiyo na tabo, yaani kisukuma hewa, huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo 2H ambayo kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 105 hivi haijawahi kuzitoa zote katika soko la Gakoromone mjini Meru hata ilipokuwa mpya. Dereva anayelalamika kwamba gari limelegea akipita Timau hasemi uongo, na fundi akiitafuta kasoro ndani ya injini huenda asiione.

Barabara nayo haina huruma. Kutoka Embu kwenda Meru unazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila mto unaoshuka kutoka theluji na misitu ya juu umechimba bonde lake: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, na mingine baada ya hapo. Lori linashuka, linavuka daraja, linapanda, kisha linaanza tena. Huko nguvu ya mwendo wa kasi haina maana yoyote. Isitoshe, sheria ya Kenya inataka gari la biashara lenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048 lifungwe kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Kinachotakiwa ni mvuto wa chini, kati ya mizunguko 1,200 na 2,200 kwa dakika, injini isilazimike kushuka gia mbili kila inapotoka darajani. Kila uamuzi wa kujenga injini ya huku upimwe kwa hilo.

Kujenga upya ni kazi ya kupima kabla ya kuwa kazi ya spana. Bloku ikishafunguliwa na kuoshwa, tundu la kila silinda lipimwe juu, katikati na chini, kisha kwa kukata upande wa pili, kwa sababu silinda haichakai kwa duara. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndiyo hulika zaidi, na upande unaosukumwa na pistoni hulika kuliko mwingine. Fundi akipima sehemu moja tu akasema ringi mpya zinatosha, mwenye gari atapata miezi michache ya furaha, kisha moshi wa bluu utarudi. Hapa Isuzu ina heri. 6BD1 na 6BG1 zina laina kavu, nyembamba, zinazotolewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni zake, na injini ikarudi kwenye kipimo chake cha awali. Injini ambayo tundu limechongwa moja kwa moja kwenye bloku hufanyiwa rebo, yaani hupanuliwa, kwa nusu milimita au milimita moja, na kila rebo inapunguza nyama ya ukuta.

Kranki ni mahali pa uangalifu zaidi. Nafasi inayoruhusiwa kati yake na beringi ni kama upana wa unywele wa binadamu, na oili ndiyo inayokaa humo. Nafasi hiyo ikizidi, presha ya oili inashuka injini ikipata moto, na beringi za mwisho zinakosa. Ikipungua, injini inanoki siku ya kwanza. Mashine shopu itasaga kranki kwa kumi, ishirini au thelathini, jinsi mafundi wanavyoziita zile hatua za sehemu ya elfu ya inchi, lakini mambo mawili husahaulika. La kwanza ni kona ya mviringo pale shingo ya kranki inapokutana na ubavu wake. Jiwe la kusagia likiiacha kona hiyo kali, ufa utaanzia hapo. La pili ni kwamba kranki za baadhi ya injini za dizeli zimetiwa ugumu wa juujuu, ngozi nyembamba ambayo jiwe likiipita chuma laini kinabaki wazi. Kranki ya namna hiyo husagwa kwa muda mfupi na kutumika kwa muda mfupi. Muulize fundi wako kama anajua ya gari lako ni ya aina gani kabla hujamwachia. Na kwa 2F kumbuka kwamba kranki yake imeshikwa na beringi kuu nne tu, wakati 2H na 1HZ zina saba. Ndiyo maana 2F haipendi kupigwa resi.

Hedi ya silinda sita ni ndefu, na chuma kirefu kikichemka hupinda. Ilazwe kwenye rula iliyonyooka, ipimwe kwa filagaji kutoka mbele hadi nyuma na kwa mshazari, kisha ipimwe kwa maji ya shinikizo ili nyufa zionekane. Kuskimu hedi iliyopasuka ni kutupa pesa. Wakati wa kufunga, bolti zinaanza katikati na kwenda nje kwa mzunguko, kwa hatua, kwa spana ya toki. Kazi hiyo haikubali kukadiria kwa mkono.

Wenye injini za petroli wana jambo moja la kipekee. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Ile risasi, pamoja na sumu yake iliyoumiza watoto wetu, ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi. Injini za zamani zilizochongewa viti moja kwa moja kwenye chuma cha hedi huzama valvu kidogokidogo zikifanya kazi nzito bila risasi, tapeti zinakosa nafasi, mgandamizo unavuja. Unapoijenga Bedford ya petroli, weka viti vya chuma kigumu. Hakuna nyongeza ya nguvu utakayoifanya kwenye injini hiyo itakayodumu bila viti hivyo.

Kupoza injini pia ni suala la mwinuko. Maji ya Meru huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ya Timau kwenye 92. Injini hizi zimeundwa kufanya kazi zikiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95, kwa hiyo kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta kinachoshika presha. Kifuniko kilichochoka pwani kitavumilika. Hapa kitaua hedi. Halafu kuna ile desturi ya kung'oa thamostati ili injini ipoe. Injini isiyopata joto lake inachakaza silinda na inakunywa mafuta, na maji yanayokimbia bila kizuizi hayafiki sawasawa kila pembe ya bloku. Pampu ya maji iko mbele, silinda ya sita iko nyuma kabisa, na ndiyo inayoungua kwanza mifereji ikiziba kutu. Acha thamostati, safisha bloku, tengeneza rejeta.

Sasa nguvu. Dereva anasema, "Fundi, niongezee mafuta kidogo," na fundi anageuza skrubu ya pampu. Gari linaondoka likivuta vizuri zaidi, na nyuma yake wingu jeusi linafunika bodaboda. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua. Sehemu yake imeungua imechelewa, wakati pistoni tayari inashuka, na joto lake limekwenda kwenye valvu, hedi na kichwa cha pistoni badala ya kwenda kwenye magurudumu. Mwinuko unafanya kosa hili liwe kubwa zaidi, maana pampu iliyosetiwa kwa hewa ya pwani tayari inamwaga mafuta mengi kuliko hewa ya hapa inavyoweza kuunguza. Kwa lori lisilo na tabo linalofanya kazi Meru na Timau, marekebisho sahihi mara nyingi ni kupunguza mafuta kidogo. Najua ushauri huu hauuziki, lakini nozeli mpya zenye presha sawa, pampu iliyokalibretiwa kwenye benchi ili silinda zote sita zipate kiasi kimoja, na taimingi iliyokaguliwa hurudisha mvuto ambao wengi walidhani umekwisha.

Ubora wa mafuta yenyewe umebadilika. Tangu 2015 dizeli yetu ina salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, jambo jema kwa mapafu, na mafuta ya taa yaliyokuwa yakichanganywa kwenye dizeli yaliwekewa ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili faida ya udanganyifu huo iondoke. Pampu ya mzunguko, kama ile ya 1HZ, hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mchanganyiko wa mafuta ya taa huikwangua. Pampu ya mstari ya 2H na ya Isuzu za zamani hupata oili ya injini kwenye sehemu yake ya chini, ndiyo maana huvumilia zaidi.

Njia ya kweli ya kuongeza nguvu huku kwetu ni tabo ya presha ndogo. Hesabu yake ni rahisi. Kurudisha kwenye mita 1,500 hewa ya usawa wa bahari kunahitaji presha ya paundi mbili na nusu hivi kwa inchi ya mraba. Timau inahitaji karibu nne. Tabo inayosukuma paundi sita au saba tayari imelipa deni la mlima na kubakiza ziada, na haihitaji kulazimishwa zaidi. Mpangilio wa silinda sita unasaidia: mara nyingi milipuko hufuatana 1-5-3-6-2-4, yaani mmoja wa kundi la mbele, mmoja wa kundi la nyuma, kwa zamu. Manifoldi ikitenganisha silinda tatu za mbele na tatu za nyuma hadi kwenye mdomo wa tabo, pumzi ya silinda moja haizuii ya jirani yake, na tabo inaamka mapema, kwenye mizunguko ya chini tunayoitaka. Ekzosi ya petroli isiyo na tabo nayo hufaidika na mgawanyo uleule.

Lakini injini zote hazistahili tabo kwa usawa, na hapa tujifunze kwa waliozitengeneza. Isuzu walipotaka 6BD1 yenye tabo, injini tayari ilikuwa ya kumwaga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo hatua ya kwenda 6BD1-T ilikuwa fupi. Toyota walipotaka tabo kwenye ukoo wa 2H, mwaka 1985 walitoa 12H-T, na hawakuishia kufunga tabo: waliacha vile vichumba vidogo vya hedi ambamo mafuta huanza kuungua, wakaenda kwenye mfumo wa moja kwa moja. Walipofika kwenye kizazi cha 1HZ walifanya hivyohivyo na 1HD-T. Mara mbili kiwanda kilekile kilifikia uamuzi uleule. Anayefunga tabo juu ya 1HZ ya kawaida, yenye mgandamizo unaozidi 22 kwa 1 na hedi ambayo hupasuka pembeni mwa vichumba hivyo ikizidiwa joto, anafanya jambo ambalo waliochora injini hiyo walilikwepa. Linawezekana, kwa presha ndogo na mafuta ya kiasi, ila pasipo kipimajoto cha ekzosi dereva yuko gizani. Joto hilo likipita nyuzi 700 kabla ya tabo wakati wa kupanda, mguu utoke kwenye pedali. Bajeti isiyo na nafasi ya kipimajoto haina nafasi ya tabo.

Na chujio la hewa. Vumbi la Mbeere ni laini na kali, na tabo huvuta hewa nyingi zaidi kuliko injini ilivyozoea. Bomba la raba lenye ufa kati ya chujio na injini litapaka ringi mpya mchanga kutwa nzima. Nikiambiwa nichague kati ya tabo na bomba zima la hewa lisilovuja, nitachagua bomba.

Kwa petroli nitasema machache. Hewa nyepesi hupunguza hatari ya injini kugonga, kwa hiyo 2F, yenye mgandamizo wa chini, huvumilia kuskimiwa hedi kidogo na taimingi kusogezwa mbele nyuzi chache, na kabureta ikapewa jeti ndogo zaidi kwa sababu hewa ni haba. Tatizo huja gari hilo likishuka Mombasa. Hewa nzito inaingia, jeti ni ndogo, taimingi iko mbele, na pistoni zinaanza kugonga. Gari lililosetiwa kwa Timau likae Timau, au dereva ajifunze kurudisha taimingi kabla ya safari.

Mlima una upande wa kushuka pia. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakafa, na haikuwa mara ya kwanza mahali hapo kuua. Injini ya dizeli haina kilango cha kuziba hewa kama ya petroli, kwa hiyo mguu ukitoka kwenye pedali inazuia gari kidogo tu, isipokuwa imefungwa breki ya ekzosi. Mwenye lori anayelipia tabo na kuacha breki ya ekzosi iliyokatwa waya ameongeza uzito atakaoubeba hadi kileleni bila kuongeza njia ya kuushusha. Mimi ningekataa kumjengea.

Kuhusu injini iliyotumika kutoka nje: inavutia kwa sababu inaingia kwa siku mbili. Haina historia, vipimo vyake hamna aliyevichukua, na namba yake lazima ibadilishwe kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Bloku yako iliyopimwa ikawa nzima ni mali unayoijua. Nikiikuta bloku imepasuka kati ya silinda, au kranki imeshasagwa hadi kipimo cha mwisho, nitashauri ibadilishwe bila kusita. Vinginevyo pesa ziende kwenye mashine shopu na benchi ya pampu.

Injini ikishafungwa, isiachwe ikinguruma kwenye gereji siku nzima, maana ringi hukaa vizuri zikisukumwa na mzigo wa wastani. Panda Embu hadi Runyenjes ukiwa na nusu ya mzigo, ukipandisha na kushusha mizunguko, bila kuibana injini kwenye gia kubwa. Baada ya kilomita mia chache oili imwagwe na chujio libadilishwe, tapeti zisetiwe upya, na bolti za hedi zikaguliwe kwa gasketi zinazotaka kukazwa tena. Andika presha ya oili injini ikiwa ya moto, na joto la maji pale juu ya Mutonga. Kilomita elfu moja baadaye, namba zikibaki palepale, pampu irudi kwenye benchi kwa marekebisho ya mwisho.